Jemadari wa Akiba

Kinyesi cha ng'ombe kikikaushwa sawasawa hakinuki vibaya, na asiyeamini hajawahi kukaa Kwedizinga wakati wa kuchoma vyungu. Harufu yake ni ya majani yaliyolala juani, na ikichanganyika na moshi wa magome na mabua ya mahindi inaingia kwenye nywele na kukaa humo hata ukioga. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mfinyanzi, na mwaka niliokuwa darasa la sita alichoma vyungu kiangazi kizima. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, watu walikuwa na nafasi, na wanawake walikuja kutoka vijiji vya jirani kuagiza mitungi na vikaango. Masharti yake kwenye moto yalikuwa machache na hayakuwa na mjadala. Hakuna kugombana karibu na moto, kwa sababu chungu kinasikia. Hakuna kupiga mluzi. Na mwanamume asisogee mpaka yeye mwenyewe awe ametoa vitu vyake kwenye majivu. Mimi nilikuwa mtoto mbishi, nilitaka kuambiwa chungu kinasikia kwa sikio gani, lakini hata mimi mbele ya moto wa Bibi nilinyamaza.

Kiangazi hicho ndicho Mwalimu Mhina alichotuletea vita. Alitufundisha maarifa ya jamii, na akifika kwenye mambo ya zamani sauti yake ilibadilika, akawa kama mtu anayesimulia ugomvi wa jirani aliouona jana. Chuoni alikosomea alimkuta mkufunzi mmoja aliyekuwa na askari wadogo wa bati, akiwapanga mezani na kupigana upya vita vilivyokwisha kupiganwa, hatua kwa hatua, kwa dadu. Sisi bati hatukuwa nalo, lakini udongo ulikuwepo wa kumwaga. Basi tukafinyanga Wazigua wenye magobole na watu wa milimani wenye mishale na mikuki, kila mmoja mrefu kama kidole, na Mwalimu akatutungia sheria. Mwendo ulipimwa kwa kamba yenye mafundo. Dadu iliamua nani amepatwa na nani amepona. Kila jeshi lilikuwa na jemadari mmoja, mkubwa kuliko wenzake, na jeshi lililopoteza jemadari limeshindwa. Watoto wa Kwedizinga tuliingia wazimu. Hata mpira ulisahauliwa. Mimi na binamu yangu Sefu, mtoto wa shangazi, ndio tuliokuwa wakali zaidi, yeye kwa sababu hakuogopa kitu, mimi kwa sababu nilikuwa sipendi kushindwa na kila mtu alilijua hilo.

Mwalimu akaandikiana na wenzake wa Korogwe, wakakubaliana tuwe na mashindano ya kirafiki, shule kwa shule, kule Old Korogwe. Udongo mbichi usingefika huko mzima, kwa hiyo nilimbembeleza Bibi atuchomee askari wetu kwenye moto wake. Alicheka sana. "Nimechoma vyungu maisha yangu yote," alisema, "leo nachoma wanaume." Akakubali. Akanionyesha jinsi ya kuchanganya udongo na vigae vilivyosagwa ili wasipasuke, na akawapanga mwenyewe katikati ya vyungu.

Hapo inabidi niseme jambo la Bibi ambalo kila mtu wa kwetu alilijua na hakuna aliyelizungumza. Bibi hakuwa mfinyanzi tu, alikuwa kungwi. Wasichana walipowekwa ndani baada ya mavuno, yeye ndiye aliyewafunda, na katika kuwafunda alitumia visanamu vya udongo alivyovifinyanga kwa mkono wake, kila kimoja na wimbo wake na maana yake. Mimi nilikuwa bado. Asiyejua maana haambiwi maana. Nilichojua ni kwamba palikuwa na kikapu kilichofunikwa kanga, na kwamba kikifunuliwa naambiwa nigeuke niangalie kule. Nilijua pia habari ya mama mmoja wa kijiji cha pili, kungwi mwenzake, ambaye kisanamu chake kimoja kilionekana na wanaume gulioni. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemfukuza. Ila kina mama waliacha kumpelekea mabinti zao, na kwenye ngoma alikaa pembeni kama mgeni aliyekosea nyumba. Bibi akimtaja alitikisa kichwa na kushusha sauti. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa kwamba hilo ndilo jambo pekee duniani ambalo Bibi aliliogopa.

Katika moto ule wa mwisho, chini kabisa, Bibi alikuwa amechoma pia vitu vyake. Alikusudia kuvitoa mwenyewe asubuhi. Asubuhi ukaja msiba kijiji cha jirani, na msiba hausubiri majivu. Bibi akaondoka na wenzake. Gari tuliloazimwa na shule likafika mapema kuliko ilivyosemwa, mimi nikiwa tayari nimepangwa mstari shuleni, na Sefu akatumwa akimbie kuleta jeshi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Sefu aliinama mpaka mwisho. Alifukua kila kitu kidogo alichokiona majivuni, akakifunga kwa maganda ya mahindi, akajaza boksi, akaja anahema, uso mweupe kwa majivu, anajisifu kwamba hakuacha hata mmoja.

Ukumbi wa Old Korogwe ulikuwa karibu na mto, na madirisha yakiwa wazi tuliisikia Pangani ikipita huko chini. Madawati yalikuwa yameunganishwa katikati na kumwagiwa mchanga. Mawe yalikuwa milima, nyuzi za katani zilikuwa msitu, na kitambaa cha buluu kilikuwa mto. Ukutani walisimama wazazi na walimu, na mlangoni mama mmoja aliuza uji na vitumbua. Kabla ya kuanza, mwamuzi, mwalimu mnene wa Korogwe mwenye sauti ya muadhini, alisoma sheria mbili ambazo wao walikuwa wameziongeza. Jemadari akitekwa, mshindi atamwinua juu watu wote wamwone, kisha atakuwa mali yake, aende naye nyumbani kama kumbukumbu ya urafiki. Askari akivunjika, vipande ni vya mwenyewe. Tukapiga makofi. Mimi ndiye niliyepiga kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuwaza ukutani kwetu nitawapanga wapi majemadari wa Korogwe.

Tulishinda mchana kutwa. Sefu alitupa dadu kama mtu anayewafukuza kuku, na dadu ikamtii. Tulipofika nusu fainali jemadari wetu alidondoka kwenye ukingo wa dawati mchezo ukiwa umeshakwisha, akavunjika shingo, na Sefu akasema hakuna shida, kwenye boksi kuna akiba. Nilitoka nje kutawadha na kuswali alasiri. Niliporudi, ukumbi ulikuwa umejaa kweli kweli, mpinzani wetu wa fainali alikuwa amekwisha kupanga jeshi lake, dadu ya kwanza ilikuwa imetupwa, na upande wetu, juu ya jiwe kubwa, alisimama jemadari mpya.

Hakuwa wetu. Sisi tulifinyanga wanaume waliosimama wima na magobole, na huyu alikuwa mwanamke. Sitasema alivyofinyangwa wala alichobeba. Sikuwahi kumwona, lakini nilimjua mara moja kwa jinsi unavyoijua sauti ya mtu wa nyumbani gizani. Nilimvuta Sefu sikio, nikamwuliza amemtoa wapi. "Kwenye boksi," alisema. "Mkubwa, si ndivyo sheria inavyotaka? Bibi katufinyangia wa akiba." Alikuwa anafurahi kabisa. Nilimwendea mwamuzi, shikamoo yangu ikatoka nusu, nikaomba tubadilishe jemadari. Alikataa, na kwa haki. Asubuhi shule moja ilikuwa imebadilisha askari katikati ya mchezo na nusura watoto wapigane, hivyo ikaamuliwa kwamba dadu ikishatupwa hakuna kinachoondoka mezani. "Kwani ana kasoro gani?" aliniuliza, akainama amtazame vizuri. Nilisema hana kasoro, nikasimama mbele yake nimkinge. Ningesema nini? Msichana ambaye hajafundwa, mbele ya wanaume, aanze kueleza jambo asilolijua?

Niligeuka, na macho yangu yakagongana na ya yule mama wa vitumbua. Alikuwa ameacha mlango na biashara yake, amekuja mpaka ukingoni mwa madawati. Uso wake ulikuwa umekaza. Aliniuliza kwa sauti ya chini mimi ni mjukuu wa nani, na nilipomtaja Bibi alifumba macho kidogo, akayafumbua. Jina lake, nilikuja kujua, lilikuwa Bi. Zaituni, Mzigua wa kwetu aliyeolewa Korogwe.

"Huyu kaka yako alimshika hajui," alisema. "Asiyejua hana kosa. Wewe sasa unajua. Asiinuliwe huyo, mwanangu. Funika kombe mwanaharamu apite."

Alirudi mlangoni. Na mimi nikabaki na vita.

Mpinzani wetu aliitwa Eliakimu, Mshambaa, familia yake ilikuwa imeshuka kutoka milimani na baba yake alikuwa fundi seremala. Jeshi lake lilikuwa la mbao, limechongwa vizuri na kupakwa rangi, na yeye mwenyewe alikuwa mpole, mtaratibu, anapima kamba yake mara mbili kabla ya kusogeza mtu. Laiti angekuwa na kiburi ningemchukia na ingekuwa rahisi. Kabla ya kila zamu alituambia "karibuni" kama anatukaribisha chakula. Nilipanga askari wetu wote kumzunguka jemadari, magobole yakitazama nje, nikakataa kutoka. Kama dadu ingegoma mpaka muda uishe, ingekuwa sare, na kwenye sare hakuna anayeinuliwa. Hilo ndilo lilikuwa tumaini langu lote. Lakini watu hawakuja kuona sare. Walianza kuguna, kisha wakazomea. "Wazigua wamejifungia ndani!" kijana mmoja alipiga kelele, "wamewekwa kama mwali!" Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nilihisi damu yote imekimbilia masikioni, kwa sababu hakujua alivyoukaribia ukweli.

Sefu hakuvumilia. Tulikuwa tunatupa kwa zamu, mara yangu, mara yake, na ilipofika yake hakunitazama hata usoni. Alichukua kundi zima la upande wa mto, akawavusha kitambaa cha buluu na kushambulia. Nilimshika mkono. Aliunyofoa. "Unaogopa nini wewe?" alisema kwa hasira. Kwa zamu mbili ilionekana amepatia. Watu walishangilia, Mwalimu Mhina akasimama kwenye kiti, askari wa mbao wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Kisha Eliakimu akasogeza kamba yake taratibu kupitia msitu wa katani, pale tulipoacha wazi, akapima, akapima tena, na wapiga mishale wake watatu wakatokea nyuma ya jiwe letu.

Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Ili kuwazuia nilihitaji tano au sita. Niliishika dadu mpaka ikalowa jasho mkononi. Nilimwomba Mungu, na nilipoona haitoshi nikamwomba na Bibi, aliyekuwa msibani huko na hana habari kwamba jina lake liko juu ya mchanga wa Korogwe. Nilitupa. Ikaja mbili.

Ukumbi ulilipuka. Mwamuzi akatangaza kwa sauti yake ya mnarani kwamba jemadari wa Kwedizinga ametekwa, na mshindi amwinue. Watu wa nyuma wakapanda madawati waone vizuri. Eliakimu alikunja mikono ya shati, akatabasamu, akasema "samahani, dada," akanyoosha mkono. Niliuona mkono ule ukija juu ya milima na msitu. Sikuwaza. Ningesema niliwaza, ningekuwa naongopa. Nilimnyakua yule mwanamke kwenye jiwe kabla vidole vyake havijafika, nikampiga kwenye ukingo wa dawati kwa nguvu zangu zote, mara moja, kisha tena, mpaka pakabaki vigae tu, visivyo na umbo lolote.

Halafu zikaja zile sauti. Waliosema ni hasira. Waliosema mtoto wa kike kaharibika hivi, nani kamlea. Waliocheka. Eliakimu alirudisha mkono wake pole pole na kuuweka mfukoni. Alikuwa ameshinda kihalali na nilikuwa nimemwibia furaha yake mbele ya baba yake. Mwalimu Mhina alikuja. Hakunipiga. Alisema, "Nilidhani nimekufundisha kushindwa," na hilo liliniuma kuliko fimbo yoyote niliyowahi kuchapwa. Nililia kwa sauti. Kila mtu alidhani analijua ninalolilia.

Ni Bi. Zaituni tu aliyeshughulika. "Niachieni nifagie, watoto watajikata," aliwaambia walimu, na walimu, wanaume wote, wakampisha kama wanaume wanavyompisha mwanamke mwenye ufagio. Alizoa kila kigae mpaka unga wake, akafunga kwenye pembe ya kanga, akaichana pembe hiyo na kunitilia mkononi. "Mpelekee mwenyewe," alisema. "Usifungue njiani."

Safari ya kurudi hakuna aliyekaa karibu nami. Sefu alikaa mbele, na hakunisemesha mpaka mvua za vuli. Mwalimu hakunichagua tena, si kwa vita, si kwa mdahalo, si kwa kwaya. Sikumlaumu. Kwa alichokiona alikuwa sahihi.

Bibi alikuwa amerudi msibani na alikuwa amekwisha kufukua majivu. Nilimkuta amekaa chini ya upenu wa nyumba, mikono mapajani, na nilipomwona nilijua anajua nini kimepungua. Nilimpa kile kifurushi. Alikifungua magotini. Aliniuliza nani alimwona, nikamwambia watu walimwona wa mbali, amesimama kati ya askari. Akaniuliza nani alimwinua. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza nani amemvunja. Hapo nikanyoosha tu mkono wangu, ambao ulikuwa umechubuka. Nilidhani nimefanya baya kubwa kuliko lile nililolikimbia. Bibi aliushika mkono huo akaugeuza huku na huku kama anayekagua chungu kilichotoka motoni. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka.

"Huwa tunavivunja wenyewe, mwishoni," alisema. "Hakuna kinachobaki. Wewe umewahi kidogo tu."

Kisha akamega bonge la udongo, akalilowesha, akaanza kufinyanga mwingine pale pale. Nilibaki nimesimama, najiona nimeshakuwa mtu wa kuonyeshwa. Alininyooshea kidevu. "Wewe geuka uangalie kule." Niligeuka.

Bibi alifundisha mabinti wa Kwedizinga mpaka nguvu zilipomwishia, na mimi nilifundwa naye wakati wangu ulipofika, na hakuna mama aliyewahi kumkwepa. Siku hizi kwetu mambo yamekuwa mepesi. Msichana anawekwa ndani mwisho wa wiki ili asikose shule, muziki unakodishwa Mkata, na mwaka jana kijana wa bodaboda pale stendi alinionyesha kwenye simu yake ngoma nzima, kikapu kimefunuliwa, wimbo unasikika, watu wasiowajua hata mabinti wenyewe wameandika maoni chini yake. Sikumgombeza. Shule hatuzuii, na yako mafunzo ya zamani ambayo mimi mwenyewe nisingependa binti yangu ayasikie. Siri ya mtungi aijuaye kata, ndivyo tulivyokuwa tukisema. Sasa mtungi umewekwa barabarani na kila mpita njia anachungulia, na kinachonishangaza ni jinsi wanavyoondoka upesi, kana kwamba hawakuona kitu.

Eliakimu naye ana karakana ya samani Korogwe mjini. Wanangu wamelala kwenye vitanda vyake. Kila nikipita, aliyeko ndani na aliyeko nje anasikia: "Jemadari huyo! Ficheni vioo!" Nami humjibu kwa jina la heshima la kwao milimani, "Mgosi, bado unalilia udongo?" na tunacheka. Lakini juzi nilipokwenda kuagiza kabati hakutania. Alizima mashine, akafuta vumbi la mbao usoni, akasema kuna jambo limemkaa rohoni tangu utotoni. Alisema siku ile aliniona usoni kabla sijapiga, na hakuona hasira. "Niambie kweli," alisema. "Kwa nini ulimvunja?"

Nilimtazama. Ni mtu mwema, mtu mzima mwenye mabinti wake, na wala asingecheka. Bibi yuko kaburini na hakuna tena wa kumnyima mabinti. Nilikuwa na maneno yote.

"Nilikuwa sipendi kushindwa," nilimwambia.

Alinitazama kidogo, kisha akapiga makofi kwa kicheko, akawaita mafundi wake wote waache kazi, waje wamwone yule mwanamke wa Kwedizinga asiyekubali kushindwa. Wakaja, wakanizunguka na randa zao mikononi. Nikasimama pale katikati, nikatazamwa.